Mkono Usio Wake: Asili ya Utafiti wa Mwendo wa Mwili Pepe

Chimbuko la utafiti kuhusu avata, yaani umbo la mwili ambalo mtu huvishwa anapoingia katika uhalisia pepe, ni la zamani kuliko uhalisia pepe wenyewe. Mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Denmark, Torsten Nielsen, aliwavisha washiriki glavu, akawapa kalamu na kuwataka wafuatishe mstari ulionyooka huku wakichungulia ndani ya kisanduku, ambamo kioo kilichofichwa kiliwaonyesha mkono wa mtu mwingine uliovaa glavu kama yao. Mkono huo ulipoanza kwenda upande, mshiriki aliuvuta wa kwake upande wa pili ili kusahihisha kosa ambalo hakulitenda, na bado aliamini kwamba mkono aliouona ni wake.

Miaka ya 1980, kampuni ya VPL Research ya Jaron Lanier, huko California, ilitengeneza glavu na suti zenye vihisio, yaani vifaa vinavyonasa mwendo wa viungo na kuupeleka kwenye kompyuta; Lanier amesimulia kwamba watu walizoea hata mwili wa kambakoche, pamoja na miguu yake ya ziada. Masimulizi hayo yanavutia, ingawa hayakuwa kipimo.

Kipimo kilitoka kwa watafiti Botvinick na Cohen mwaka 1998, walipoupapasa kwa brashi mkono wa mpira sambamba na mkono halisi uliofichwa, hata mshiriki akauhisi ule wa mpira kuwa sehemu ya mwili wake. Mel Slater na wenzake wa Barcelona waliuhamishia mtego huo kwenye mkono pepe mwaka 2008, na miaka miwili baadaye kundi hilohilo likaonyesha kwamba brashi si lazima: ilitosha vidole vya avata kucheza pamoja na vya mwenyewe, na mwendo ulipoachana, hisia ya umiliki ilififia.

Hata hivyo, umiliki wa mwili ni jambo moja, na utendaji, yaani hisia ya mtu kuwa ndiye aliyesababisha mwendo, ni jingine. Ajabu kubwa zaidi, na pengine iliyo karibu zaidi na kisanduku cha Nielsen, iliripotiwa mwaka 2016, pale watu waliokaa kitini walipotazama chini, wakaona miguu ya avata ikitembea, na wakaelekea kukiri kwamba waliokuwa wakitembea ni wao.