Safu ya Lugha: Ajali

Dereva wa basi yuko kilomita 100 kwa saa penye kibao cha 50, anapindua abiria, nasi tunaandika "ajali haina kinga". Hapana, jamani! Neno hili tulilichukua kwenye Kiarabu, na *ajal* huko ni muda uliowekwa, ukomo wa uhai wa mtu. Hiyo kweli haina kinga. Breki mbovu kinga yake ni fundi.

Tena tusichanganye kugonga na kugongana. Magari mawili yakivaana uso kwa uso, yamegongana. Lori lililoegeshwa haligongani na mtu. Limegongwa, na aliyeligonga ana jina. Hili la "gari liliacha njia" ndilo linaloniudhi zaidi: usukani ulishikwa na nani?