Nyota changa zilizo mbali na sahani ya galaksi zatoka wapi?

Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi na vumbi. Katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, karibu mawingu yote hayo yamo ndani ya sahani nyembamba ambamo pia limo Jua. Hata hivyo, wanasayansi wa anga wamekuta nyota changa zenye joto kali mbali sana na sahani hiyo, mahali pasipo na gesi ya kuziunda.

Maelezo makuu ni matatu. Mwaka 1961, Adriaan Blaauw wa Uholanzi alieleza kuwa nyota mbili zinapozungukana na moja ikalipuka, mwenzake huponyoka kwa kasi. Mwaka 1967, Arcadio Poveda wa Mexico na wenzake walionyesha kuwa nyota zilizosongamana zinaweza kurushana zenyewe kwa nguvu ya mvutano.

Mwaka 1988, Jack Hills wa Marekani alibashiri kuwa shimo jeusi kubwa lililo katikati ya galaksi linaweza kuitenganisha jozi ya nyota, likainasa moja na kuitupa ya pili. Nyota ya kwanza ya namna hiyo ilitangazwa mwaka 2005 na kundi la Warren Brown, pia wa Marekani.

Mwaka huohuo iligunduliwa nyota nyingine, HE 0437-5439, iliyozua utata. Nyota hiyo, yenye uzito wa takriban mara tisa ya Jua, inatukimbia kwa kilometa 723 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, safari kutoka katikati ya galaksi ingechukua miaka milioni 100, ilhali nyota ya uzito huo huishi miaka milioni 30 hivi tu.

Mwaka 2010, vipimo vya darubini ya Hubble vilielekeza asili yake katikati ya Njia Nyeupe. Lakini mwaka 2019, kundi la Denis Erkal, likitumia takwimu za chombo cha Gaia cha Ulaya, lilionyesha kuwa nyota hiyo ilitoka Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000.

Utafiti uliotolewa mwaka 2025 umekwenda mbali zaidi. Umebaini kuwa nusu ya nyota zilizochunguzwa, zenye kasi ya kuihama kabisa Njia Nyeupe, zilitoka kwa jirani huyo, na kuhitimisha kuwa humo limejificha shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara 600,000.