Sumu ya ini haikutoka kwa jirani

MASISI/WALIKALE – Mtu akikonda, tumbo likavimba na macho yakawa manjano, swali la kwanza katika vijiji vingi ni hili: nani amemlisha sumu? Jirani huanza kutazamwa vibaya. Maneno hayo yameshavunja undugu mwingi.

Sumu yenyewe ipo. Ila haikujulikana kwa kumshitaki mtu, ilijulikana kwa bata mzinga, wale wanaoitwa dindo.

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000. Wafugaji walifikiri ni maradhi ya kuambukiza. Kumbe walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, yaliyoota ukungu. Sumu ya ukungu huo ikaitwa aflatoksini. Mwaka 1966 na 1967 watafiti wakakusanya sampuli 480 za vyakula vilivyowekwa akiba nchini Uganda. Karibu 30 katika kila 100 zilikuwa na sumu hiyo, na kule ilikopatikana zaidi, kama Karamoja, ndiko kansa ya ini ilikokuwa nyingi.

Miaka hiyohiyo, Mmarekani Baruch Blumberg alikuwa akifuata njia nyingine, ndani ya damu. Kazi yake ilifichua virusi vya hepatiti B, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1976.

Ukungu na virusi vinakutana wapi? Ndani ya seli, zile chembe ndogo zinazojenga ini. Kila seli huishi kwa kupokea ishara: gawanyika, au simama. Ni kama chukudu inayoshuka mlima: mzigo unaisukuma, kipande cha mpira nyuma kinaizuia. Katika seli, breki moja kubwa huitwa p53. Mwaka 1991, timu mbili zilizochunguza wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika zilikuta breki hiyo imeharibika mara nyingi mahali palepale, nambari 249. Hiyo ni alama ya aflatoksini. Virusi navyo hulijeruhi ini miaka mingi, na seli hulazimika kugawanyika bila kupumzika. Ndiyo maana mwenye vyote viwili hatari yake haijumlishwi, inazidishwa.

Seli zikishaasi, nazo hutuma ishara zao. Huita mishipa mipya ya damu ije kuzilisha, hujiachia kutoka kwa wenzake, huingia katika damu, na mara nyingi hufikia mapafu. Dawa ya sorafenib, iliyoruhusiwa kwa kansa ya ini mwaka 2007, huziba baadhi ya ishara hizo. Huongeza miezi ya kuishi, haiponyi.

Kwa mama anayepika chini ya hema, habari kubwa ni kwamba moto wa chungu hauimalizi aflatoksini. Kuchambua karanga hupunguza sumu sana: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizoota ukungu, zote kando. Shida ni kwamba aliyekimbia na gunia moja, likanyeshewa njiani, ana kidogo cha kutupa.

Kinga ya hepatiti B imo katika chanjo ya watoto ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Januari 2025 vita vilifika Masisi-centre, Machi vikafika Walikale-centre. Mtoto aliyepata sindano ya kwanza kisha familia ikakimbia haanzi upya: kituo cha afya chochote kinaweza kuendelea pale alipoachia. Kadi ikipotea, mama aeleze tu alipochanjiwa.