Sanamu ya Zuhudi, Sanamu ya Taamuli

Mpelekee mchongaji wa Ugalla, magharibi mwa Tanzania, gogo la mninga, umwambie akuchongee Buddha: miguu ameikunja, macho ameyashusha, mbavu zinahesabika. Mti anaujua. Atakachokuuliza ni kazi yenyewe inaitwaje, na hapo ndipo Kiswahili chetu hukimbilia neno moja tu, kutafakari.

Mtu huyo aliyekonda ni Siddhartha Gautama kabla hajawa Buddha. Wabuddha husimulia kwamba alijinyima kwa miaka 6, mpaka ngozi ya tumbo ikagusana na uti wa mgongo. Sanamu yake mashuhuri kuliko zote ni ya jiwe, kazi ya mafundi wa Gandhara, nayo iko makumbusho ya Lahore, Pakistan. Za mti zilichongwa China na Japani. Moja ya enzi ya Yuan imehifadhiwa Detroit, Marekani.

Kisanskriti kina maneno mawili hapa. La kwanza ni tapas, ambalo asili yake ni joto: mwili unaunguzwa kwa njaa na jua. La pili ni dhyana, kuituliza akili mahali pamoja. Hili la pili lilisafiri. Wachina walilifanya chan, Wajapani wakalifanya zen, kila mmoja kwa ulimi wake.

Sisi tunayo zuhudi, kuzipa kisogo anasa za dunia, na hiyo inaitosha tapas. Kwa dhyana naona taamuli inafaa kuliko kutafakari, maana anayetafakari bado anapimapima jambo, na huyu ameshaacha kupima. Utawa nauweka kando. Mrina asali wa Ugalla naye hukaa kambini porini siku nyingi, mbali na watu, lakini hatumwiti mtawa; kujitenga peke yake hakutoshi.

Na kitu chenyewe tukiite kinyago? Hapana. Neno hilo limebeba unyago na vitisho vyake, na Wabuddha, wenye hekalu lao Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hawaioni sanamu ya Buddha kuwa kitu cha kutisha. Sanamu linatosha. Wapo wanaolisikia wakawaza ibada ya miungu, lakini Sanamu ya Askari imesimama jijini humo tangu 1927 na hakuna anayeisujudia.

Kwa nini nashikilia maneno mawili? Kwa sababu Gautama mwenyewe aliyatenganisha. Alipoona njaa haimfikishi popote, alipokea wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akala, ndipo akaketi chini ya mti na kuamka. Aliyekonda ni yule wa njia aliyoiacha. Kuziita sanamu zote mbili, ya aliyekonda na ya aliyeketi chini ya mti, "Buddha akitafakari" ni kuufuta uamuzi mkubwa kuliko wote maishani mwake.

Basi mchongaji aambiwe mapema. Ya zuhudi: tumbo liingie ndani, mishipa ya shingo itokeze. Ya taamuli: aache nyama mabegani, mikono ailaze mapajani, kiganja juu ya kiganja.