Historia ya Madai ya Mafao ya Ulemavu Nchini Marekani

Mafao ya ulemavu yanayolipwa na serikali ya Marekani yalianza kama deni la taifa kwa askari wake. Tarehe 26 Agosti 1776, wiki chache baada ya kutangazwa uhuru, bunge la makoloni yaliyokuwa yakipigana na Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya pensheni. Ofisa, askari au baharia aliyepoteza kiungo vitani, au aliyeumia kiasi cha kushindwa kujipatia riziki, aliahidiwa nusu ya mshahara wake kwa muda wote wa ulemavu huo. Ahadi hiyo ilizua maswali mawili: je, mdai ameumia kweli, na je, kuumia huko kumemzuia kufanya kazi? Karne mbili zilizofuata zilitumika kuamua nani ayajibu maswali hayo, na kwa ushahidi gani.

Jibu la kwanza lilikuwa mahakama. Sheria ya mwaka 1792 iliwapa majaji wa shirikisho kazi ya kuwakagua wadai na kupendekeza kiwango cha malipo, lakini ikamwachia Waziri wa Vita uwezo wa kulizuia jina alilolitilia shaka. Majaji kadhaa walikataa, kwa hoja kwamba uamuzi wa mahakama haupaswi kupitiwa upya na waziri. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu kwa shauri la Hayburn. Kabla halijaamuliwa, Bunge lilibadilisha utaratibu mwaka 1793: ushahidi ungechukuliwa kwa kiapo katika eneo la mdai, kisha nyaraka zingepelekwa serikalini. Tangu hapo maandishi yakaanza kubeba uzito kuliko sura ya mtu mwenyewe.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe viliugeuza utaratibu huo mdogo kuwa shughuli kubwa ya taifa. Sheria ya tarehe 14 Julai 1862 ilimpa askari wa kawaida aliyelemaa kabisa dola 8 kwa mwezi, na aliyelemaa kwa sehemu alipata pungufu. Mdai alitakiwa kuthibitisha kwamba aliumia akiwa kazini. Alikusanya rekodi za utumishi, viapo vya maofisa na askari wenzake na maelezo ya madaktari waliomtibu, kisha akapimwa na madaktari walioteuliwa na Ofisi ya Pensheni. Aliyekatwa mkono hakupata shida kubwa. Aliyeteswa na kuhara kusikokwisha, baridi yabisi au ugonjwa wa moyo ulioanzia kambini alikuwa na kazi nzito, hasa miaka ilipopita na mashahidi wakafariki au kuhamia mbali.

Mzigo huo uliwaelemea zaidi askari weusi. Wengi walizaliwa utumwani, hawakuwa na hati za kuzaliwa wala za ndoa, na baadhi walibadilisha majina baada ya kupata uhuru. Waliokuwa maskini na wasiojua kusoma hawakumudu gharama za kuwatafuta mashahidi na kuandikisha viapo. Sheria ilikuwa moja kwa wote, lakini madai yao yalikataliwa mara nyingi zaidi, kwa sababu ushahidi uliotakiwa ulikuwa wa aina ambayo utumwa uliwanyima.

Sheria ya tarehe 27 Juni 1890 ilipunguza sharti hilo. Askari aliyetumikia angalau siku 90 na kuachishwa kwa heshima aliweza kulipwa kwa ulemavu wowote uliomzuia kufanya kazi za mikono, hata kama haukutokana na vita, mradi haukutokana na mwenendo wake mbaya. Ndani ya miaka michache idadi ya wapokeaji, pamoja na wajane na mayatima, ilikaribia milioni moja.

Wafanyakazi wa kawaida walichelewa kufikiwa. Kuanzia Wisconsin mwaka 1911 hadi Mississippi mwaka 1948, majimbo yalitunga sheria za fidia, lakini hizo zilimgusa aliyeumia kazini tu. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 ilileta pensheni ya uzeeni na msaada kwa wasioona, bila bima kwa mfanyakazi aliyeugua akashindwa kuendelea. Wapinzani walihofia kwamba ulemavu hauthibitishiki kama umri, na kwamba gharama zingekosa kikomo. Makampuni ya bima yaliyokuwa yamepata hasara kwa mikataba ya ulemavu wakati wa Mdororo Mkuu yalitajwa kama onyo, na chama cha madaktari kilikuwa miongoni mwa wapinzani.

Mwaka 1954 ilipatikana njia ya kati. Rekodi ya michango ya mlemavu ilihifadhiwa ili pensheni yake ya baadaye isipungue, lakini hakulipwa fedha. Hatua hiyo ilizaa chombo kilichodumu hadi leo: ofisi za majimbo zinazochambua ushahidi wa kitabibu kwa niaba ya serikali kuu. Tarehe 1 Agosti 1956 Rais Dwight Eisenhower alisaini sheria ya mafao ya fedha kwa wenye umri wa miaka 50 hadi 64, na malipo yakaanza Julai 1957. Kikomo cha miaka 50 kiliondolewa mwaka 1960.

Tafsiri ya ulemavu ilibaki kali. Mwaka 1965 iliamuliwa kuwa hali ya mdai iwe imedumu, au itarajiwe kudumu, angalau miezi 12, au kumfikisha kwenye kifo. Mwaka 1967 Bunge liliongeza kwamba haitoshi kushindwa kazi ya zamani. Mdai awe hawezi kazi nyingine yoyote iliyopo kwa wingi katika uchumi wa taifa, hata kama haipo karibu na kwake au hakuna mwajiri wa kumchukua. Mwaka 1972 uliundwa mpango wa pili, kwa wazee, wasioona na walemavu wenye kipato kidogo, bila kujali michango. Ulianza Januari 1974 ukitumia kipimo hichohicho cha ulemavu.

Mwaka 1978 kanuni ziliupanga uamuzi katika hatua tano: kama mdai anafanya kazi yenye kipato kikubwa, kama maradhi yake ni mazito, kama yanalingana na orodha rasmi ya maradhi, kama anaweza kurudia kazi yake ya zamani, na kama anaweza kazi nyingine. Mwaka uliofuata jedwali la umri, elimu na ujuzi lilianza kutumika kwa hatua ya mwisho. Kwa jedwali hilo, kibarua wa miaka 55 mwenye elimu ndogo, anayeweza kazi nyepesi tu, huhesabiwa mlemavu. Mwenye mwili wa aina hiyohiyo akiwa na miaka 40 hahesabiwi.

Mahakama nazo ziliujenga uzito wa jalada. Katika shauri la Richardson dhidi ya Perales la mwaka 1971, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ripoti ya maandishi ya daktari asiyefika mbele ya kikao inaweza kutosha kumnyima mdai mafao. Muongo uliofuata ulionyesha hatari ya mizani kuegemea upande mmoja. Kufuatia sheria ya mwaka 1980, serikali iliharakisha mapitio kuanzia 1981 na kuwaondoa mamia ya maelfu ya watu kwenye malipo, wengi wao wagonjwa wa akili. Mahakama na majimbo kadhaa yalipinga. Sheria ya mwaka 1984 ikaweka ulinzi: mtu asiondolewe bila ushahidi kuwa hali yake imeimarika, maradhi kadhaa yapimwe kwa pamoja, na vigezo vya magonjwa ya akili viandikwe upya.

Neno la daktari anayemtibu mdai nalo limepanda na kushuka. Kanuni za mwaka 1991 zililipa uzito wa pekee. Kwa madai yaliyowasilishwa kuanzia tarehe 27 Machi 2017, kila maoni ya daktari hupimwa kwa vipimo vinavyoyaunga mkono na kwa jinsi yanavyoafikiana na ushahidi mwingine.

Kila sehemu ya dai imara la leo imetokana na historia hiyo. Rekodi ya michango huonyesha haki ya bima: kwa kawaida, kuanzia umri wa miaka 31, robo-mwaka 20 za kazi ndani ya miaka 10 ya mwisho. Maelezo ya kazi za zamani, ambayo tangu Juni 2024 hurudi nyuma miaka 5 badala ya 15, hueleza uzito ulioinuliwa na saa za kusimama katika kila kazi, kwa kuwa cheo kitupu hakisemi lolote. Vipimo, kumbukumbu za matibabu, orodha ya dawa na madhara yake huthibitisha ugonjwa. Barua ya daktari inayosema tu kwamba mgonjwa hawezi kufanya kazi haina nguvu. Yenye nguvu hutaja ni dakika ngapi anaweza kukaa, ni kilo ngapi anaweza kubeba, na ni siku ngapi kwa mwezi angekosa kazini. Ndugu na majirani huweza kueleza anavyoishi kila siku.

Dai likikataliwa, mdai ana siku 60 za kukata rufaa katika kila ngazi: mapitio mapya, kikao mbele ya jaji wa masuala ya utawala, Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho. Wakili hulipwa sehemu ya malimbikizo, kwa kiwango kilichowekewa kikomo, endapo mdai atashinda. Kwa wengi kikao cha jaji ndiyo mara ya kwanza kuonana ana kwa ana na mwamuzi. Kukata rufaa kwa wakati hulinda tarehe ya ombi la awali na malimbikizo yanayoitegemea, ilhali kuanza ombi jipya huweza kuyapoteza yote mawili.