Bendeji ya kubadilisha pamba: je, inapata hataza?

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kisukari anaijua adhabu ya kubandua bendeji. Mamangu ana kidonda mguuni, na kila plasta ikitolewa inaondoka na ngozi changa. Mpwa wangu, fundi cherehani, akamtengenezea bendeji yake: ukingo unabaki umeshika kwenye ngozi nzima, na katikati pana kifuniko, unafungua, unatoa pamba iliyolowa, unaweka nyingine. Mama akapumua. Kijana akataka kuirusha WhatsApp siku hiyo hiyo. Nikamwambia, "Mwanangu, subiri kwanza."

Hataza ni hati inayompa mvumbuzi haki ya peke yake kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Hapa Kenya hutolewa na KIPI, Nairobi, chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001. Sheria hiyo haitoi hataza kwa njia ya kutibu mwili, lakini kifaa cha kutibia kinakubalika. Masharti ni matatu: kiwe kipya duniani kote, kisiwe jambo ambalo mjuzi wa kazi hiyo angelifikia bila taabu, na kiweze kutengenezwa kiwandani.

Hapo ndipo penye kazi. Plasta yenye shashi ni ya tangu 1920, alipoibuni Earle Dickson wa Johnson & Johnson, Marekani, kwa ajili ya mkewe aliyekuwa akijikata jikoni. Hata bendeji za kutoa pamba na kuacha ukingo zimo tayari katika hataza za ng'ambo. Kwa hivyo kusema tu "pamba inatoka" hakutoshi. Aeleze kilicho chake hasa: kifuniko kinafungwaje hata maji ya kidonda yasivuje, na pamba inashikwaje bila kugandana na nyama.

Tofauti ikiwa ndogo, ipo hati ya uvumbuzi mdogo. Hiyo hudumu miaka 10, na haidai lile sharti la pili. Upya na kutengenezeka vyatosha.

Na ulimi tuuchunge. Kenya, ukishautangaza uvumbuzi wako mwenyewe, una miezi 12 ya kuwasilisha ombi. Ulaya hawana subira hiyo. Ukishauanika, kwa kawaida umeupoteza.

Mpwa wangu sasa anachora na kuandika, kila mshono na kazi yake. WhatsApp itangoja.