Miaka 60 na Miezi 180: Umri wa Kustaafu kwa Wanawake
(Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima)

Nawasalimu mlioko Mbagala na Tandika, mlioko Manzese na Mwananyamala, na ninyi wa Bunju na Toangoma ambao pengine mmeingia darasani sasa hivi kwa sababu ya taabu ya usafiri. Kaeni mstarehe, mfungue madaftari.

Somo la leo ni la historia, walakini si historia ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya namba moja, nayo ni 60. Mwalimu wa darasa aiandike ubaoni, kubwa. Kisha chini yake aandike maneno mawili: PENSHENI na KIINUA MGONGO.

Pensheni ni fedha anazolipwa kila mwezi mtu aliyeacha kazi kwa uzee, hata mwisho wa maisha yake. Kiinua mgongo ni fedha anazolipwa kwa mkupuo, mara moja, siku anapoaga kazi. Jina hilo ni zuri: mtu aliyeinama miaka yote juu ya kazi sasa ananyosha mgongo. Ingawa wapo waliolipwa ambao watawaambieni kwamba mgongo haukuinuka sana.

Katika nchi nyingi watu wanabishana juu ya jambo hili: je, ni haki serikali kuongeza umri wa kustaafu kwa wanawake? Wako wasemao ni haki, maana wanawake huishi miaka mingi kuliko wanaume. Wako wasemao si haki, maana mwanamke hufanya kazi mbili, ya mshahara na ya nyumbani, naye huchoka mapema. Leo tutaliangalia jambo hili kwa kufuata historia yake, tukianzia mbali kidogo, Uingereza, kwa kuwa sheria zetu za kwanza za pensheni ziliandikwa na Waingereza.

Huko Uingereza sheria ya pensheni ya wazee ilitungwa mwaka 1908. Mzee maskini aliyetimiza miaka 70, mwanamume au mwanamke, alipata hadi shilingi 5 kwa wiki. Mwaka 1925 ikatungwa sheria nyingine, na umri ukashushwa kuwa 65 kwa wale waliochangia. Kisha mwaka 1940 umri wa wanawake peke yao ukashushwa kuwa 60. Sababu moja kubwa ilikuwa hii: wake wengi walikuwa wadogo kuliko waume zao. Mume akitimiza 65 na kuacha kazi, mkewe alikuwa bado hajafika, basi nyumba nzima ikawa inaishi kwa pensheni ya mtu mmoja. Angalieni vema. Umri ule wa 60 uliwekwa kwa kumtazama mwanamke kuwa mke wa mtu. Jasho lake yeye mwenyewe halikutajwa sana.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50. Mwaka 1995 Bunge lao likaamua kwamba wanawake wapandishwe polepole, kuanzia 2010 hadi 2020, wawe 65 sawasawa na wanaume. Mwaka 2011 wakaongeza mwendo, na kufikia Oktoba 2020 wote, wanaume kwa wanawake, wakawa 66. Wanawake waliozaliwa miaka ya 1950 walilalamika sana. Wengi wao hawakupinga usawa. Walisema hawakuarifiwa mapema, wakajikuta wamekwisha kuacha kazi na huku pensheni iko mbali. Mahakama ziliwakatalia mwaka 2019 na 2020. Machi 2024 ofisa mkuu wa kuchunguza malalamiko ya wananchi alisema serikali ilikosea kwa kutowaarifu ipasavyo, lakini Desemba mwaka huo huo serikali ikakataa kuwalipa fidia.

Hilo ndilo jambo la Uingereza. Haya, turudi kwetu.

Hapa Tanganyika sheria ya pensheni ya watumishi wa serikali iliyodumu muda mrefu ni ile ya mwaka 1954. Ilikuwa kwa ajili ya watumishi wa serikali walioandikwa kazi ya kudumu. Waafrika katika kundi hilo walikuwa wachache, na wanawake wa Kiafrika walikuwa wachache zaidi, hasa wauguzi na walimu. Wanawake wengi wa Dar es Salaam wa zama zile walikuwa na kazi, tena nzito, lakini kazi yao haikuwa na karani wa kuiandika. Walipika pombe, walikaanga vitumbua, walisuka ukili, walilima mihogo na mpunga pembezoni mwa mji, mahali ambapo leo ni mitaa ya nyumba. Bibi Titi Mohamed alipowaita wanawake wa mji huu waingie TANU, mwaka 1955 na baadaye, aliwapata katika vikundi vya ngoma za lelemama. Hakuwapata maofisini. Maofisini hawakuwamo.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali iliunda Akiba ya Wafanyakazi, iliyojulikana kwa herufi zake NPF. Huu haukuwa mfuko wa pensheni. Mfanyakazi alikatwa kidogo katika mshahara, mwajiri akaongeza chake, na mwisho mfanyakazi akapewa fedha zote pamoja na faida, kwa mkupuo. Baada ya hapo shughuli imekwisha. Kama zilikwenda kwenye bati la nyumba, au kwenye ada, au kwa ndugu walioamka wote siku moja wakiwa na shida, hapakuwa na mwezi wa pili.

Miaka hiyo viwanda vilifunguliwa, na wanawake wakaanza kuonekana malangoni asubuhi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kiwanda cha kubangua korosho cha TANITA kiliajiri wanawake wengi, maana kubangua korosho kulihesabiwa kuwa kazi ya mikono ya kike. Hapo ndipo mwanamke wa Temeke au Kinondoni alipopata kadi ya kazi yenye jina lake mwenyewe.

Lakini kadi ile wengi hawakukaa nayo. Taabu ya uchumi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kupunguza matumizi, na katika miaka ya 1990 viwanda na mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa. Watu walipunguzwa kazini kwa maelfu. Mshahara wenyewe ulikuwa umekwisha kuwa mdogo hata haukufikisha nusu ya mwezi, kwa ajili hiyo wanawake wengine waliacha kazi kwa hiari, wakaenda kuuza maandazi, mkaa, samaki wa kukaanga na barafu. Biashara ile ndiyo iliyolisha mji huu. Waliokuwapo wanakumbuka.

Mwalimu wa darasa asimamishe hapa kidogo. Wanafunzi waambiane ni nani katika familia zao aliyeacha kazi ya mshahara miaka ile, na alifanya nini baadaye.

Tuendelee. Mwaka 1997 ilitungwa sheria iliyogeuza NPF kuwa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na sasa ukawa mfuko wa pensheni ya kila mwezi. Kwa kila shilingi 100 za mshahara, 20 huingia mfukoni. Miaka miwili baadaye, mwaka 1999, sheria mpya ya mafao ya watumishi wa umma ilipandisha umri wa kustaafu kwa lazima kutoka 55 hadi 60. Mtumishi anayetaka anaweza kuondoka kwa hiari akiwa na 55. Mwaka 2018 mifuko ya serikali na mashirika ya umma ikaunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi na waliojiajiri. Namba 60 haikubadilika. Wako wachache waliopewa hadi 65, kama maprofesa na madaktari bingwa, lakini hao tuwaache, maana mpishi wa shule hahusiki nao.

Basi kwetu mwanamke na mwanamume wana umri mmoja. Je, kuongezewa ile miaka 5 kulimdhulumu mwanamke? Kabla ya kujibu, andikeni namba ya pili ubaoni: 180.

Hiyo ni miezi. Ili mtu alipwe pensheni ya uzee kila mwezi, hapana budi awe amechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Akipungukiwa, hulipwa mkupuo mmoja tu, kisha basi.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mwanamke wa mfano, tumwite Mama Fulani. Aliajiriwa akiwa na miaka 22, akafanya kazi miaka 5. Hiyo ni miezi 60. Akiwa na miaka 27 aliacha, maana watoto ni wadogo na mama mkwe ni mgonjwa. Kwa miaka 19 akauza vitumbua sokoni Tandika, na miezi yake katika kadi ya mfuko ni sifuri. Akiwa na miaka 46, watoto wamekua, akapata kazi ya kupika shuleni. Tuseme anaondoka akiwa na 55. Ameongeza miaka 9, ndiyo miezi 108. Jumlisheni: 60 na 108 ni 168. Amepungukiwa miezi 12. Pensheni hana.

Lakini akikaa kazini hadi 60, ameongeza miaka 14, ndiyo miezi 168. Jumlisheni tena na zile 60. Ni 228. Pensheni anayo.

Mnaona? Umri uliopandishwa, ambao kule Uingereza uliwaumiza wanawake wengi, kwa Mama Fulani ulimfungulia mlango. Mwanamume mwenzake aliyeanza kazi siku moja naye, asiyeacha kwa ajili ya mtoto wala mgonjwa, alitimiza miezi yake 180 akiwa na miaka 37. Kwake yeye umri wa kustaafu una maana nyingine kabisa.

Hapana shaka iko bei. Hiyo miaka 5 ya mwisho ni ya kuamka saa kumi alfajiri na kugombania gari Mbagala Rangi Tatu, magoti yakiuma, na jioni kurudi kwa wajukuu walioachwa na wazazi wao. Wale wasemao kwamba mwanamke huishi zaidi, basi afanye kazi zaidi, wanachanganya kuishi na kuwa na nguvu. Mwanamke akiishi zaidi huwa mjane, na miaka ile ya ujane ndiyo anayoihitaji pensheni kuliko yote.

Kwa maoni yangu mimi, dhuluma kubwa kwetu haiko katika namba 60. Iko katika 180, na katika namna miezi inavyohesabiwa. Mwezi uliochangiwa huhesabiwa. Mwezi wa kumwogesha mkwe na kunyonyesha mtoto hauhesabiwi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa siku 85 bado hajui kujilisha. Ujerumani ya Magharibi ilianza mwaka 1986 kumhesabia mzazi muda wa kulea mtoto katika pensheni yake. Uingereza ilikuwa na kinga ya namna yake kwa walezi tangu 1978. Ndiyo kusema jambo hili linawezekana katika sheria, ijapokuwa linahitaji fedha, na nchi zile zilikuwa na fedha kuliko sisi.

Na vipi yule ambaye hakuajiriwa kamwe? Wanawake wengi wa Buza, Tandale na Mbagala ni hao. NSSF huwapokea waliojiajiri wakichangia wenyewe, lakini mwenye genge la nyanya hana mwajiri wa kuongeza nusu ya pili. Wengi huweka akiba katika upatu na VICOBA. Upatu hununua friji na hulipa ada, na wakati wa msiba hufanya mambo makubwa. Ila haukuundwa kumlisha mtu miaka 20.

Zanzibar walijaribu njia nyingine. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mzee mkazi aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiasi kikapandishwa hadi 50,000. Mzee haulizwi alimfanyia nani kazi, wala miezi yake ni mingapi. Bibi aliyesuka makuti Makunduchi maisha yake yote hupata sawa na aliyekuwa karani. Umri wa 70 ni mkubwa, na wengi hufa kabla ya kuufikia. Bado ni pensheni ya uzeeni ambayo mwanamke wa namna hiyo huipata kwa jina lake mwenyewe. Huku Bara pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote haijaanzishwa.

Kazi ya nyumbani. Yeyote aliye na kadi ya mfuko, au aliye na mama, dada au shangazi mwenye kadi, ahesabu miezi iliyokwisha kuchangiwa. Atoe kutoka 180. Jibu aligawe kwa 12, apate miaka iliyobaki, kisha ajumlishe na umri wa mwenye kadi. Andikeni jibu kwa wino, mje nalo darasani Jumanne. Kwaherini.